SOMO LA MSIMU HUU: Tujikinge na wezi wenye bunduki siku ya kulipa mavuno



Mara nyingi katika gazeti hili tunazungumza juu ya miche, mbolea na namna ya kuanika kafe. Leo tunaacha shamba kidogo. Kafe ikishapimwa na kuuzwa, feza inaingia. Na pahali feza inaingia, kuna mtu mwingine anaangalia. Wengi wenu mulituomba somo hili, sababu msimu wa kuchuma umekaribia, na munajua wenyewe kilichotokea mwaka jana na mwaka juzi katika njia zetu, katika masoko yetu na hata katika depo zetu.

Tuseme wazi tangu mwanzo: somo hili halizungumzi vita. Mukisikia risasi nyingi na watu wanakimbia, acheni kila kitu, mukimbie na watoto. Hapa tunazungumza juu ya watu wachache wenye silaha ambao wanakuja kwa ajili ya feza, wanachukua, wanaenda. Wezi wa namna hiyo wanafanya hesabu kama vile mchuuzi anafanya hesabu. Na kama wanafanya hesabu, sisi tunaweza kuiharibu hesabu yao.

1. Ile Ijumaa ya koperative moja

Kuna koperative moja ya kafe tunayoifahamu. Jina lake hatutalitaja, sababu wenyewe walituomba hivyo. Walikuwa wanalipa wakulima kila Ijumaa ya pili. Asubuhi, mama mtunza feza alikuwa anatoka mjini na franga ndani ya kifuko cha shule, juu ya moto moja, motari yule yule, pamoja na kijana mmoja wa kumsindikiza.

Ijumaa moja, kupita daraja, watu wanne wakatoka katika majani. Wawili walikuwa na bunduki. Mama akatoa kifuko bila kubishana. Kijana akaogopa, akaruka kukimbia, wakamupiga risasi ya mguu. Alipona, lakini mpaka leo anachechemea.

Feza ilipotea. Lakini kitu kilichoiumiza koperative zaidi kilikuja nyuma. Watu walianza kusema: "Ule mama njo alituuza. Mbona yeye hawakumugusa?" Mama akaacha kazi, akakaa nyumbani na haya. Wakulima wakaanza kuuza kafe yao kwa wachuuzi wa njiani, kwa bei ya chini. Msimu ule koperative ilikaribia kufa.

Tulipoenda kuwatembelea, hatukuuliza "nani mwizi?" Hiyo ni kazi ya polisi na ya sheria. Tuliuliza swali moja: "Nani alikuwa anajua siku, saa na njia?" Tukaanza kuhesabu. Komite nzima ilijua. Wakulima wote walijua. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili na katika redio ya kijiji siku ya Alhamisi. Motari alijua, na rafiki zake kwenye kituo walijua. Wauza mandazi walijua, sababu Ijumaa ya malipo walikuwa wanapika mara mbili. Tulipofika watu 60, tukaacha kuhesabu. Mama mmoja mzee akasema: "Kumbe sisi wenyewe njo tulikuwa redio yao."

Yule mama mtunza feza alisikia maneno hayo. Akalia. Kisha akarudi kwenye kazi.

2. Mwizi anatafuta nini?

Mwaka 1979, watafiti wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba ili wizi ufanyike, mambo matatu yanapaswa kukutana pahali pamoja na saa moja: mtu mwenye nia ya kuiba, kitu cha kuiba, na ukosefu wa mtu wa kulinda. Ukiondoa moja tu, wizi hauwezekani, au unakuwa mgumu.

Sisi wakulima hatuna nguvu ya kuondoa nia mbaya katika roho ya mtu. Lakini mambo mawili mengine yako mikononi mwetu. Tunaweza kufanya kitu cha kuiba kiwe kidogo. Tunaweza kufanya pahali pawe na macho ya watu.

Maduka madogo ya Marekani yanayokaa wazi mpaka usiku yalijaribu jambo hilo karibu na mwaka 1975. Watafiti walienda hata kumuuliza mtu aliyekuwa mwizi zamani: unapoingia dukani, unaangalia nini kwanza? Kisha wakabadilisha mambo mepesi. Waliacha feza kidogo tu kwenye meza ya kulipia. Waliweka taa. Waliondoa makaratasi kwenye madirisha ili mtu wa barabarani aone ndani. Waliwafundisha wafanyakazi wasipigane na mwizi. Maduka yaliyofanya hivyo yaliibiwa kidogo kuliko yale ambayo hayakufanya. Hawakununua bunduki. Walibadilisha mazoea.

Basi na sisi tuangalie mazoea yetu.

3. Feza iwe kidogo pahali pamoja

Tuchukue mfano. Wanamemba 40 wanaleta kila mmoja kilo 60 za kafe mbivu. Hizo ni kilo 2 400. Tukisema kilo moja ni franga 1 000, siku ya kulipa tunahitaji franga 2 400 000. Kama tunaleta zote siku moja katika kifuko kimoja, mwizi akifanikiwa mara moja anapata 2 400 000, na sisi tunapoteza kazi ya watu 40.

Sasa tugawanye. Nusu ya wanamemba wakubali kulipwa kwa simu. Inabaki 1 200 000. Hiyo tuigawanye kwa siku tatu tofauti: 400 000 kila mara. Sasa mwizi anahatarisha maisha yake kwa 400 000, na hajui ni siku gani. Hata akifanikiwa, koperative haifi.

Juu ya kulipwa kwa simu (M-Pesa, Airtel Money, Orange Money), tunajua malalamiko yenu: rezo inapotea, kutoa feza kunakatwa, na wengine hawana simu. Ni kweli. Kwa hiyo hatusemi wote wafanye hivyo. Tunasema wale wanaoweza, wafanye, na koperative ikubaliane mbele nani atalipa ile feza inayokatwa. Lakini musisahau mambo matatu:

- Namba ya siri ya simu haiambiwi mtu, hata mtoto wako, hata mtu anayesema anafanya kazi katika kampuni ya simu.
- Usitoe yote siku moja. Ukitoa yote saa ile ile kwa wakala wa sokoni, umehamisha hatari kutoka kwa koperative kwenda kwako na kwa yule wakala.
- Bibi na bwana wakubaliane nyumbani feza itaingia katika simu ya nani. Koperative nyingine ziliona ugomvi sababu ya jambo hili.

Na vikundi vya akiba (AVEC) je? Munajua lile sanduku la makufuli matatu, ambalo funguo zake zinakaa kwa watu watatu. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na CARE. Ni njia nzuri. Lakini tuelewane: makufuli matatu yanazuia mmoja wetu asiibe peke yake. Hayamuzuii mtu mwenye bunduki, yeye anabeba sanduku zima. Kinga ya kweli ya sanduku ni kwamba feza inakopeshwa siku ile ile ya mkutano, sanduku linabaki jepesi. Kikundi ambacho kinajaza sanduku na kuliacha limejaa miezi mitatu, kinafuga hatari.

Siku ya hatari kubwa ni ile ya kugawana, mwisho wa mzunguko. Vikundi vingi vinapenda kugawana mbele ya Noeli. Kijiji kizima kinajua. Badilisheni mwezi. Vikundi viwili vya kijiji kimoja visigawane juma moja. Na mukishakopesha, dai feza irudi kwa sehemu, si yote siku ya mwisho.

4. Midomo ifungwe

Siku ya kupima kafe inaweza kutangazwa. Siku ya kulipa feza isitangazwe redioni, wala kanisani, wala kwa karatasi ya ukutani. Mkulima anajulishwa kwa mdomo au kwa simu, na kwa kikundi kidogo: "Kesho asubuhi pita kwenye biro na risiti yako."

Watu watatu tu wajue siku, saa na njia ambayo feza itapita: mtunza feza, rais wa koperative na mtu mmoja wa kamati ya uangalizi. Kama jambo likitokea, tunajua pa kuanzia kuuliza, na watu wengine wote wanaepuka kushukiwa. Siri hii si ya kuwaficha wanamemba hesabu zao. Hesabu ni ya wote, na inasomwa mbele ya wote. Siri ni ya siku na njia tu.

Badilisheni siku. Badilisheni saa. Badilisheni njia kama kuna njia mbili. Badilisheni motari, na musimwambie kitu anachobeba. Kifuko kisiwe kile kile. Msafiri wa feza asisimame njiani kunywa soda wala kusalimia. Na asiende peke yake: moto mbili zinazoonana kwa mbali ni bora kuliko moto moja yenye watu watatu. Ya mbele ikiona mti umelala barabarani au watu wasiojulikana, inarudi, na ya nyuma inageuka.

Kama mukihisi njia si nzuri siku ile, feza ibaki mjini. Mkulima anayengoja siku mbili atanung'unika. Mwache anung'unike.

5. Pahali pawe na macho

Chukueni saa moja, komite na wanamemba wachache, muzunguke biro yenu, depo yenu na pahali pa kupimia. Muchore ramani chini, kwa kijiti. Muulize: kama mimi ni mwizi, nitaingia wapi? Nitajificha wapi? Nitatokea wapi? Mara nyingi majibu yanaonekana hapo hapo.

- Majani na migomba iliyo karibu na mlango: kateni, mpaka hatua 20. Mwizi hapendi kuonekana akingoja.
- Meza ya kulipia: isiwe karibu na mlango wala isionekane na kila mtu anayepita. Lakini mlango wenyewe uonekane kutoka barabarani. Macho ya watu yaone nani anaingia, yasione feza ngapi ziko mezani.
- Wakulima waingie wawili wawili. Wengine wangoje nje kwenye kivuli. Msongamano ndani ya biro unasaidia mwizi, na risasi moja inaweza kuumiza wengi.
- Taa ya jua moja juu ya mlango wa depo na moja nyuma. Nyuma ndipo tunasahau.
- Mlipe asubuhi, mumalize mbele ya saa saba. Hakuna malipo jioni. Hakuna feza inayolala katika biro. Andikeni mlangoni kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA FEZA INAYOLALA. Na iwe kweli, sababu uongo utajulikana siku mbili tu.
- Kafe kavu na kakao nazo ni feza. Musiache magunia yarundikane kungoja bei. Mukiwa na magunia yanayojaza kamyo, uzeni au peleka kwenye depo kubwa.

Sentineli wawe wawili, si mmoja. Mmoja anasinzia, na mmoja akitishwa hakuna anayejua. Wapewe filimbi, koti la mvua na mshahara unaofika kwa wakati. Sentineli mwenye njaa, ambaye hajalipwa miezi minne, ni mlango uliofunguliwa. Wakubaliane na majirani juu ya mlio: filimbi tatu, au ngoma, au kengele ya kanisa, na kila nyumba iwashe taa na kupiga kelele ikiwa ndani. Mtu asitoke nje kukimbilia bunduki.

Kuna watu wanatuuliza: "Na sisi tununue bunduki?" Jibu letu ni hapana. Sheria inakataza raia kushika silaha ya vita. Zaidi ya hayo, bunduki yenyewe ni kitu cha kuibiwa. Depo yenye bunduki inaita wezi wawili: wa kafe na wa bunduki.

6. Kama wamekuja

Hata tukifanya yote, siku moja wanaweza kuja. Basi kila mtu anayefanya kazi kwenye biro ajifunze haya mpaka yaingie kichwani:

- Usipigane. Usibishane. Usikimbie ghafula kama yule kijana wa darajani. Toa feza. Franga zitatafutwa tena, mtu hatafutwi tena.
- Mikono ionekane. Kabla ya kuingiza mkono mfukoni au kwenye meza, sema polepole: "Ninachukua ufunguo, uko hapa."
- Usimkazie mwizi macho usoni. Usimwambie "mimi nakujua", hata kama unamjua. Maneno hayo yameua watu.
- Angalia kimya: walikuwa wangapi, walisema luga gani, viatu gani, walitoka upande gani, walienda upande gani.
- Wakienda, waache waende. Musiwafuate.

Kisha, mara moja: mwenye jeraha kwanza. Funga kidonda kwa kitambaa safi, kaza pale damu inapotoka, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Halafu mumpigie simu chefu wa kijiji na polisi. Namba hizo ziandikwe ukutani sasa hivi, si siku ile. Fungeni biro, mtu asiguse vitu. Na kila mtu aliyeona aandike au aseme alichoona peke yake, mbele ya kuzungumza na wengine. Tukizungumza kwanza, wote tunaona kitu kimoja, hata ambacho hakikuwapo.

7. Siku zinazofuata ndizo zinaua koperative

Hapa tunaomba musome polepole.

Kisasi cha watu wengi si haki. Kila mmoja wetu amesikia pahali ambapo mtu alishikwa, akapigwa, akachomwa kwa tairi, na kesho yake ikajulikana kwamba alikuwa mpita njia. Mukimkamata mtu, mumpeleke kwa polisi akiwa mzima. Mkiua asiye na kosa, mwizi wa kweli anacheka, na nyinyi munabaki na damu na kesi.

Na mtunza feza je? Kinga yake ni karatasi. Feza iliyotoka mjini iandikwe na watu wawili. Kila mkulima aliyeleta kafe awe na risiti yenye kilo na tarehe. Siku ya pili baada ya wizi, kamati ya uangalizi ihesabu mbele ya wanamemba: tulikuwa na ngapi, tulilipa nani, imepotea ngapi. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inchi yetu iko ndani yake, inataka koperative iwe na watu wanaochunguza kazi ya wale wanaoongoza. Hii ndiyo siku yao ya kufanya kazi. Pahali ambapo hesabu inasomwa wazi, uvumi unakosa chakula.

Mwisho, semeni na yule aliyeelekezewa bunduki. Asiachwe peke yake. Kutolala usiku, kutetemeka, kukataa kurudi kwenye biro, hayo si uvivu wala alama ya kosa. Muulizeni kwenye kituo cha afya kama kuna mtu anayesikiliza watu waliopata mshtuko.

Na ile koperative ya Ijumaa? Bado inafanya kazi. Siku hizi hakuna anayejua siku ya kulipa, hata sisi tukiwauliza wanacheka tu. Mwaka jana watu walivunja mlango wa biro usiku. Walikuta mizani, daftari na viti. Walichukua mizani. Ni hasara, lakini hakuna aliyelia damu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO

1. Katika koperative yetu, ni watu wangapi wanajua leo siku ya malipo yanayokuja? Tuhesabu bila kudanganyana.
2. Tukiibiwa kesho, tutapoteza franga ngapi kwa mara moja? Tufanye nini ili hesabu hiyo ipungue nusu?
3. Sentineli wetu wamelipwa mpaka mwezi gani?
4. Nani kati yetu anaweza kulipwa kwa simu, na nani hawezi? Wazee na bamama wasio na simu tutawasaidia namna gani bila kuwaweka katika hatari?

KAZI TATU MBELE YA MSIMU KUANZA

Moja: zungukeni biro na depo, mukate majani, mutie taa ya nyuma. Mbili: chagueni watu watatu wa kujua siku na njia, na muandike uamuzi katika daftari ya mikutano. Tatu: andikeni namba za chefu, polisi na kituo cha afya ukutani, halafu mujaribu kuzipiga kuona kama zinaita.

Mukishafanya, mutuambie tutakapopita: ni kitu gani kilikuwa chepesi, na ni kitu gani kilikataa. Mambo mengine katika somo hili tulifundishwa na nyinyi. Tutayaandika tena ili koperative zingine zisome.

Mavuno mema, na mubaki salama.